Mpangaji wa Mlango wa Themanini

Jumapili, 7 Desemba

Nimeokoka! Si kanisani, huko niliokoka darasa la sita. Nimeokoka kutoka kwa maikrofoni.

Mambo ni hivi. Jumamosi ijayo ni ruracio ya dadangu Jackie, kwa nyanya yetu, Cucu, nje kidogo ya Thika. Okello anakuja na watu wake wote kuzungumza mahari. Kuna ile sehemu wasichana wanafunikwa leso kutoka kichwani mpaka miguuni na bwana harusi anamtafuta wake. Akimpata, dada mdogo anasimama na kumtambulisha bibi harusi kwa wageni. Alizaliwa wapi, alisoma wapi, ana tabia gani. Wageni mia mbili. Dada mdogo ni mimi.

Mimi! Tabby! Niliyepewa kusoma mstari wa Biblia gwarideni nikiwa kidato cha pili, nikasema "Amina" na kurudi mahali pangu. Insha ya Kiswahili napita, ya Kiingereza napita. Kuongea nafeli lugha zote mbili.

Basi leo baada ya ibada nikamfuata Anko Muigai, ndugu ya Baba, ambaye ndiye emsii, mshereheshaji wa siku hiyo, na ndiye mwenyekiti wa kila kitu. Nikamwambia (nikiangalia viatu vyake) kwamba dunia imebadilika. Nitageuza laptopu kuukuu ya Jackie iwe seva. Mgeni anashika waifai ya laptopu, anaandika anwani, anaona tovuti: Jackie akiwa na nepi, Jackie akiwa na joho la chuo, maelezo yote kwa Kikuyu, Kiluo na Kiswahili. Hakuna haja ya mtu kusimama.

Anko akauliza kama hiyo seva inakula umeme mwingi. Nikasema hapana. Akakubali! Kwa sharti moja. Tovuti iwe inafanya kazi kabla leso hazijafunuliwa. Isipofanya, nashika maikrofoni, na atanishika mkono yeye mwenyewe kunipeleka mbele.

Rahisi. Seva ni kubonyeza kitufe tu.

Jumatatu, 8 Desemba

Seva haiwaki.

Nimebonyeza kitufe. Kikawa cha njano. Kikatafakari. Kikarudi kijivu. Chini yake yakatokea maandishi mekundu: mlango wa 80 unatumiwa na programu nyingine.

Nimebonyeza tena kwa upole. Nimebonyeza kwa ukali. Nimezima laptopu, nikaiwasha. Mamangu akapita na beseni la nguo, akaniona nimeshika kichwa, akaweka mkono juu ya laptopu na kukemea pepo. Maandishi yakabaki mekundu.

Nimesoma kwenye mtandao hadi macho yakauma. Nimeelewa hivi: kompyuta ni kama ploti yetu ya nyumba za kupanga hapa Ruiru. Ina milango mingi, kila programu inapanga wake. Tovuti inaishi mlango wa 80. Sasa kuna mpangaji ndani ya mlango wangu. Amejifungia. Hajibu.

Nani?

Nina mtu ninayemshuku. Byron, mdogo wake Okello. Anasomea kompyuta chuoni, anakaa hosteli Kahawa Wendani, na mwezi uliopita alishika laptopu hii hii kumwekea Jackie filamu. Ana miwani. Ana vidole virefu. Na jana, aliposikia habari za seva yangu, aliuliza kwenye simu ya Jackie kwa nini tusifungue tu grupu ya WhatsApp.

Grupu ya WhatsApp! Mtu anayesema hivyo ana nia fulani.

Jumanne, 9 Desemba

Nimeifuta seva na kuiweka upya. Mara tatu. Mara ya tatu nimefunga macho. Njano. Kijivu. Nyekundu.

Nikashuka chini kutafuta ushauri kwa keateka wetu, mtunza ploti, Muthoka, aliyekuwa akifagia kibaraza na kugombana na kuku wa nyumba namba sita. Sikumwambia ni kompyuta. Nilimuuliza tu mtu afanye nini kama mpangaji amejifungia na hajulikani ni nani.

Muthoka akaegemea ufagio. Akasema miaka yote aliyokaa kwenye ploti, watu wanakimbilia kuvunja mlango, na hakuna hata mmoja anayechungulia dirishani kwanza. Akasema pia mpangaji wa namna hiyo kwa kawaida ni jamaa ya mwenye nyumba. Halafu akataka kujua ni namba ngapi, na kama ni yule wa namba tisa, kwa sababu yule wa namba tisa amemchosha.

Nikakimbia ngazi. Hekima nzuri, lakini ni ya ploti. Haiwezi kusaidia kwenye teknolojia.

Nimeandika maneno yote ya tovuti lakini. Yamekuwa matamu. Nimeandika kwamba Jackie ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli na ndiye anayeniagizia chipsi dukani kwa sababu mimi naogopa kumwambia muuzaji aongeze chumvi. Nimelia kidogo. Akiolewa nani ataniombea chumvi?

Haya siwezi kuyasema kwa mdomo. Lazima seva iwake.

Jumatano, 10 Desemba

Adui amekuja nyumbani!

Okello na Byron wameleta kreti za soda za Jumamosi. Mamangu akawapa chai na mandazi. Mimi nikajificha jikoni, nikawa naosha kikombe kimoja muda wote. Jackie akaniita kwa sauti ya redio: Tabby, njoo umwonyeshe Byron hiyo seva yako!

Nikatoka. Byron akasema niaje. Nikasema asante.

Akaangalia maandishi mekundu, akasukuma miwani. Akasema polepole kwamba mlango wa 80 una kitu kinachojibu, na badala ya kufutafuta, nichukue simu, nishike waifai ya laptopu, niandike anwani, nione ni nani anayefungua. Halafu akaongeza kwamba waifai ya laptopu hii inabeba simu nane tu kwa wakati mmoja, je, nilikuwa najua?

Ahaa! Kwanza anataka nifungue kitu asichotaka kukitaja. Mtego. Pili, simu nane! Wivu mtupu.

Nikamwambia kwamba tatizo nimeshalitatua, hayo maandishi ni ya zamani, na huo wekundu ni rangi tu. Akatabasamu. Akasema sawa Tabby, basi nitaiona Jumamosi. Okello akasema mimi ndiye shemeji mwenye akili kuliko wote. Jackie akaniangalia kwa lile jicho.

Kwa nini nilidanganya? Sijui. Byron ana kishimo shavuni kimoja tu, upande wa kushoto. Hicho si kitu cha kuandika hapa. Nakifuta. Nimetumia kalamu ya wino. Haya, kibaki.

Alhamisi, 11 Desemba

Asubuhi: njano, kijivu, nyekundu.

Mpango wa pili basi. Nipotewe na sauti! Mtu aliyekauka sauti hapewi maikrofoni, hata Anko Muigai ana huruma. Nikaenda nyuma ya tangi la maji na kupiga mayowe ndani ya mto wa kulalia kwa muda mrefu. Nikanywa maji ya friji. Nikapiga mayowe tena. Muthoka akaja mbio na rungu akidhani ni mwizi. Nikamwambia ni mazoezi ya kwaya. Akasema kwaya gani hiyo yenye maumivu.

Lakini ikafanya kazi! Saa ya chakula cha mchana nilikuwa nakwaruza kama mlango wa duka. Nikafurahi sana. Nikaenda kumwonyesha Mamangu.

Kosa. Kosa kubwa. Mamangu akampigia simu Tata Gathoni, dadake, ambaye aliacha kazi yake yote akaja na tangawizi, ndimu, kitunguu kibichi, na kitu cheusi kwenye chupa ambacho hajawahi kumwambia mtu ni nini. Wakanishika. Nikanywa. Nikafukizwa chini ya blanketi. Jioni nimejaribu kukwaruza, imetoka sauti kama tarumbeta. Sijawahi kuwa na sauti safi namna hii tangu nizaliwe. Tata akasema Mungu ni mwema, Jumamosi nitasikika hadi Kiandutu.

Ijumaa, 12 Desemba

Sikukuu ya Jamhuri. Taifa liko huru. Mimi bado.

Leo tunalala kwa Cucu. Tenti imesimama, viti vya plastiki vimefika, wanaume wamekaa chini ya turubai kuzungumzia moto wa kesho bila kuuwasha. Nimebandika karatasi kwenye nguzo zote za tenti: jina la waifai na anwani ya tovuti, na chini yake KARIBUNI MUMJUE BIBI HARUSI WETU. Najua tovuti haiwaki. Lakini mtu mwenye imani anabeba mwavuli kabla ya mvua.

Jioni Tata Gathoni akaja na kamba. Anapima urefu wa wasichana wa kufunikwa leso pamoja na Jackie, ili bwana harusi asimtambue kwa kimo. Akapima binamu wote. Mfupi, mrefu, mfupi, mnene mabegani. Nikajaribu kujikunja. Akaniambia nisimame wima kama msichana aliyelelewa.

Sawasawa na Jackie. Hata kisigino.

Kwa hiyo kesho nitakuwa chini ya leso wakati uleule ninaotakiwa kuwa nyuma ya tenti nikipigana na mpangaji. Cucu akasema nisijali, kazi ya kufunikwa leso ni kunyamaza na kutotikisika. Nikamwambia Cucu hiyo ndiyo kazi pekee ninayoiweza duniani. Akacheka hadi akakohoa.

Kumbuka maneno hayo, shajara. Kutotikisika.

Jumamosi, 13 Desemba

Nianzie wapi? Ngai!

Wageni walifika saa tano. Akina mama wetu wakafunga geti na kuimba, wao wakaimba upande wa nje, mpaka geti likachoka likafunguliwa. Mama Wilkister, mamake Okello, aliingia mbele na gauni la rangi ya dhahabu, akicheza kwa mabega. Nyuma yake mashangazi saba. Byron alivaa suti. Sikumwangalia. Ni ya kijivu, ina tai ya bluu.

Laptopu ilikuwa inawaka mezani nyuma ya tenti tangu asubuhi, waifai wazi. Njano, kijivu, nyekundu. Wazee waliingia ndani kuzungumza mahari. Njano, kijivu, nyekundu. Watu wakala. Sikula. Anko Muigai akapita akagonga saa yake ya mkononi kwa kidole.

Kisha nikaanza kusikia kicheko. Upande wa wageni. Kicheko cha wanawake watu wazima, kile cha kupigana makofi ya mapaja. Sikujua wanacheka nini. Nikadhani ni Anko na vichekesho vyake vya mwaka wa tisini.

Tata Gathoni akanikamata kabla sijamaliza kubonyeza. Leso zinangoja! Nikachomoa laptopu kwenye stima, nikaikumbatia kifuani, nikaingia nayo chini ya leso. Watu wakadhani nimenenepa ghafla. Betri ya laptopu hiyo inadumu kama ahadi ya mwenye nyumba, lakini niliona asilimia kumi na moja, nikasema Mungu wa Tata Gathoni yupo.

Tulisimama sita kwenye mstari. Leso mbilimbili kila mmoja, mpaka miguu haionekani. Joto. Giza la rangi ya machungwa. Laptopu imenichoma tumbo. Nje Anko ananguruma kwenye maikrofoni kwamba bwana harusi akikosea, faini ni mbuzi. Dume. Mwenye ndevu. Watu wakapiga kelele.

Nikabonyeza kitufe. Nyekundu.

Na hapo, shajara, sikuwa na kingine cha kujaribu. Nikafanya alichosema Byron. Nikafanya alichosema Muthoka. Nikachungulia dirishani. Nikaandika anwani yangu mwenyewe nione ni nani anafungua.

Ukafunguka ukurasa wa kijani. Picha ya sungura wawili. Maandishi makubwa:

SUNGURA WA TABBY. WENYE AFYA. WANAZAANA HARAKA. KARIBUNI NYOTE!

Woi.

Ni mimi. Mpangaji ni mimi! Likizo ya Agosti, nilipotaka kuwa mfugaji mkubwa wa sungura, niliweka seva nyingine, nikaiagiza ijiwashe yenyewe kila laptopu ikiamka, halafu sungura wakatoroka kwa jirani na mimi nikasahau kila kitu. Tangu Agosti nimekuwa humo ndani, nimejifungia, nangoja wateja. Wiki nzima nimekuwa nikivunja mlango wangu na mimi niko ndani!

Na karatasi zangu ziko kwenye nguzo zote. Simu nane za kwanza zilizoshika waifai ni za Mama Wilkister na mashangazi saba. Karibuni mumjue bibi harusi wetu: wanazaana haraka.

Sasa nikaelewa kicheko.

Nikamfukuza mpangaji na kumkataza kujiwasha tena. Bonyeza hapa, zima pale, vidole vinateleza kwa jasho. Nikabonyeza kitufe cha seva mpya. Njano...

Kijani!

Kijani, shajara! Kwa mara ya kwanza! Na leso bado hazijafunuliwa! Nimeshinda! Sikupiga kelele, nilijizuia, lakini mwili ulikataa. Nilitikisika. Niliruka kidogo. Labda mara mbili.

Mkono ukatua begani mwangu. Sauti ya Okello, kwa furaha kabisa: huyu!

Leso ikavutwa. Mwanga. Watu mia mbili. Mimi, nywele zimesimama, nimekumbatia laptopu. Okello akabaki kinywa wazi. Kutoka chini ya leso ya tatu kushoto, Jackie akauliza kwa ukali sana kama Okello ni kipofu. Baadaye nimeambiwa walikuwa wamekubaliana kwa siri kwamba Jackie atatikisika kidogo. Wezi wakubwa! Upande wetu ukapiga vigelegele vya ngemi. Wazee wetu wakasimama kucheza. Mbuzi! Mbuzi dume!

Laptopu ikalia mlio mmoja mdogo, ikazimika. Betri. Tovuti yangu iliishi kwa muda wa kuvuta leso.

Anko Muigai akaniwekea maikrofoni mdomoni. Akasema wageni wangependa kujua, huyu aliyechaguliwa ni nani na amebeba nini.

Nikafungua mdomo nikitarajia Amina.

Kikatoka kitu kingine. Kwa ile tarumbeta ya Tata Gathoni. Nikasema naitwa Tabby, mimi si bibi harusi, mimi ndiye mwenye sungura.

Tenti ikaanguka. Si tenti yenyewe, watu. Mama Wilkister alishikwa na wawili. Na wakati wanacheka nikaona hawanicheki vibaya, wananingoja. Wanataka niendelee. Basi nikaendelea. Nikasema dadangu ni yule wa tatu kushoto aliyekasirika. Nikasema alinifundisha baiskeli akikimbia nyuma bila kuniambia ameachilia. Nikasema habari ya chumvi. Jackie akajifunua leso mwenyewe, mbele ya Okello aliyekuwa bado ameshika leso yangu, akaja akanikumbatia, vipodozi vikaishia kwenye bega langu. Mama Wilkister akachukua maikrofoni, akasema kwa Kiswahili cha polepole kwamba kuanzia leo chumvi ya Tabby ataiomba yeye, na kwamba ile habari ya kuzaana haraka familia yao imeipokea kwa mikono miwili.

Nilikaa chini. Nikala sahani tatu.

Byron akaja na soda. Akasema kwa hiyo ulichungulia. Nikasema ndiyo. Neno zima, na nikamwangalia usoni! Akakaa. Akaichomeka laptopu kwenye stima ili nami nione picha za Jackie zikifunguka kwenye simu yake. Zilifunguka. Zilikuwa nzuri sana.

Jumapili, 14 Desemba

Nimeamka nikiwa mtu mpya. Mjasiri. Mkweli. Sitakimbia maikrofoni tena maishani mwangu.

Baada ya ibada Anko Muigai akanisimamisha mbele ya wazee wa kanisa. Akasema hakujua familia ina kipaji hiki. Akasema harusi ni Aprili, wageni mia tano, na ameshaamua: upande wa vijana, emsii ni Tabby.

Mia tano.

Nikamwambia (nikiangalia viatu vyake) kwamba dunia imebadilika. Nitatengeneza tovuti inayoongea yenyewe. Narekodi sauti yangu nyumbani, chini ya blanketi, halafu seva inaendesha harusi yote kwa spika. Hakuna haja ya mtu kusimama. Anko akauliza kama inakula umeme mwingi. Nikasema hapana. Akakubali, kwa sharti moja.

Jioni hii nimeanza kazi. Kwa sababu sasa nina uzoefu, nimeweka seva mbili kwa mpigo, moja iwe msaidizi wa mwenzake, na zote nimeziagiza zijiwashe zenyewe laptopu ikiamka. Nimezima. Nimewasha. Nimebonyeza kitufe.

Njano. Kijivu. Nyekundu.

Mlango wa 80 unatumiwa na programu nyingine!

Sihitaji kuchungulia dirisha lolote. Ni nani aliyekaa na laptopu hii jana, akaichomeka kwenye stima kwa vidole vyake virefu, akijifanya anaangalia picha? Nimemjua. Kesho asubuhi naenda Kahawa Wendani kumkabili ana kwa ana.

Nitavaa ile sketi ya bluu, inayofanana na tai yake. Ili ajue siogopi.